Upepo Mkali, Tanga Dogo

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mabawe na vijiji vya wilaya za Ngara na Biharamulo

MANENO YA KUSOMA KABLA YA KUSIKILIZA

tanga: kitambaa kinachokamata upepo na kusukuma chombo
mlingoti: mti unaosimamisha tanga
foromali: mti wa juu unaofungwa tanga la jahazi au ngalawa
bawa la majini: bawa dogo gumu lililo chini ya ubao, ndani ya maji
mpigo wa upepo: upepo unaoongezeka ghafula, kisha unapungua
mita moja ya mraba: eneo lenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1

MAZUNGUMZO

Kaeni karibu na redio. Mwenye daftari alifungue, na mwalimu wa darasa awe na chaki mkononi, maana leo tuna hesabu fupi ya kuandika ubaoni.

Somo letu ni upepo mkali na ukubwa wa tanga. Najua mtu wa Mabawe aweza kuuliza: "Sisi ni watu wa migomba, kahawa na maharage. Ziwa liko mbali nasi. Tanga latuhusu nini?"

Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mara moja. Zamani wilaya ya Biharamulo ilifika mpaka kwenye maji ya Ziwa Victoria, na bandari ya Nyamirembe ilikuwa ndani yake. Siku hizi sehemu ile ni wilaya ya Chato, na tangu 2012 imo katika mkoa wa Geita. Mipaka imehama, lakini njia ya kwenda ziwani ni ile ile. Vijana wa vilimani huifuata kutafuta kazi ya uvuvi. Mtoto wa ufukweni hujifunza upepo tangu utotoni. Kijana wa vilimani hujifunza ukubwani, na asipofundishwa na mtu atafundishwa na ziwa lenyewe. Ziwa ni mwalimu mkali sana.

Tena, kanuni ya upepo ni moja. Kanuni inayotawala tanga la mvuvi ndiyo inayotawala bati la nyumba yako na bawa la ndege. Ukiielewa hapa, umeielewa kote.

Basi leo nimechagua mfano wa chombo kipya ambacho wengi wenu hamjakiona. Nimekichagua kwa sababu katika chombo hiki mtu akichagua vibaya, ubaya wa uchaguzi wake huonekana katika dakika moja.

CHOMBO CHENYEWE

Katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi, kama vile Paje na Jambiani kisiwani Unguja, na Diani na Watamu nchini Kenya, watu huja kucheza na upepo. Hungojea kusi, upepo wa miezi ya Juni mpaka Septemba, au kaskazi, upepo wa Desemba mpaka Februari. Wengine huvutwa na tiara kubwa. Wengine husimama juu ya ubao wenye mlingoti na tanga. Ubao huo ni mrefu kupita mtu kidogo. Mpanda ubao hushika tanga kwa mikono miwili na kuliongoza kwa mwili wake.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika miaka ya karibuni ubao huo umeongezewa kitu chini yake. Chini ya ubao hushuka nguzo nyembamba, urefu wake kiasi cha sentimita 70 mpaka 95. Mwisho wa nguzo kuna mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Ni kama ndege ndogo iliyofungwa chini ya maji. Ubao ukipata mwendo, bawa la mbele hunyanyua chombo kizima pamoja na mtu wake. Ubao hutoka majini na kuelea hewani, na nguzo peke yake ndiyo inayokata maji. Hapo hakuna mawimbi ya kuupiga wala maji mengi ya kuuzuia. Ubao huenda kimya, kwa mwendo mkubwa.

Wazo hili si geni. Mwitalia Enrico Forlanini alijaribu mashua yenye mabawa ya majini katika Ziwa Maggiore mwaka 1906. Alexander Graham Bell, yule aliyepata sifa kwa kutengeneza simu, alikuwa na chombo cha namna hiyo nchini Kanada. Mwaka 1919 chombo hicho kilikwenda kilomita 114 kwa saa juu ya maji.

Nyinyi wa Mabawe msidhani ninatania jina la kwenu nikisema mabawa. Twende mbele.

JARIBIO LA UNGO

Siku yenye upepo, chukua ungo. Simama mahali pa wazi. Kwanza uelekeze ungo wote usoni pa upepo, kama mtu anayejikinga. Utaona unakusukuma nyuma.

Sasa ulaze ungo karibu bapa, kisha inua kidogo ule ukingo unaopokea upepo. Utaona ungo wataka kupaa. Hausukumi nyuma tu, bali wavuta juu. Huko kuvuta juu ndiko tunakoita mnyanyuo. Ndio unaoinua ndege. Na ndio unaong'oa bati la nyumba likiwa halikupigiliwa vizuri.

Maji nayo hufanya hivyo hivyo, lakini kwa nguvu zaidi. Maji ni mazito kupita hewa kiasi cha mara 800. Ukiweka kiganja katika mkondo na kukiinamisha kidogo, mkono wako wote husogezwa. Nyinyi mnajua nguvu za Mto Ruvuvu unapokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Maji yale yana nguvu hata ya kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa sababu hiyo bawa la majini laweza kuwa dogo sana. Bawa lenye eneo la sentimita 900 za mraba ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Nalo humbeba mtu mzima.

HESABU YA UPEPO

Mwalimu wa darasa sasa aandike ubaoni. Sikilizeni pole pole.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Huongezeka kwa mwendo ukizidishwa kwa mwendo.

Upepo wa kilomita 20 kwa saa: 20 mara 20 ni 400.
Upepo wa kilomita 30 kwa saa: 30 mara 30 ni 900.
Upepo wa kilomita 40 kwa saa: 40 mara 40 ni 1,600.

Sasa tulinganishe. Kutoka 20 mpaka 40, mwendo umekuwa mara mbili. Lakini kutoka 400 mpaka 1,600, nguvu imekuwa mara nne. Kutoka 20 mpaka 30, mwendo umeongezeka nusu tu. Lakini kutoka 400 mpaka 900, nguvu imekuwa zaidi ya mara mbili.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mtu hutazama ziwa na kusema, "Upepo umezidi kidogo." Mashavu yake yanamwambia kidogo. Tanga litamwambia mara mbili.

Kwa hiyo upepo ukizidi, tanga lipunguzwe. Upepo mkali wenyewe una nguvu nyingi. Tanga dogo latosha kukamata sehemu yako, na kubwa litakamata zaidi ya unachoweza kushika.

BAWA NALO LIPUNGUZWE

Mpanda ubao ana mambo mawili ya kuchagua. Tanga humsukuma. Bawa humnyanyua. Wengi hukumbuka kubadilisha tanga, husahau bawa.

Hesabu ni ile ile. Ubao ukitoka kilomita 15 kwa saa ukafika 30, bawa lisipobadilisha mlalo wake, mnyanyuo huwa mara nne. Lakini je, uzito wa mtu umekuwa mara nne? La, mtu ni yule yule. Basi mnyanyuo wa ziada utakwenda wapi? Utamrusha. Ubao hupanda, hupanda tena, mpaka bawa litoke kwenye maji na kukutana na hewa. Hapo mnyanyuo hukatika mara moja. Pua ya ubao huanguka, na mtu hutupwa mbele juu ya tanga lake.

Hivyo, siku ya upepo mkali, punguza vyote viwili. Lakini usipunguze bawa kupita kiasi. Bawa dogo lahitaji mwendo mwingi kabla halijanyanyua. Mipigo ya upepo ikipumzika, mwenye bawa dogo mno hushuka majini kila mara, naye huchoka.

Huu hapa mwongozo kwa mtu wa kilo 75 hivi anayepanda kwa starehe, si kwa mashindano.

Upepo wa kilomita 20 kwa saa: tanga la mita 6 mpaka 7 za mraba, bawa la sentimita 1,500 za mraba au zaidi.
Upepo wa kilomita 30 kwa saa: tanga la mita 5, bawa la sentimita 1,000 mpaka 1,300.
Upepo wa kilomita 40 kwa saa: tanga la mita 4, bawa la sentimita 800 mpaka 1,000.
Upepo wa kilomita 50 kwa saa: tanga la mita 3 au 3 na nusu, bawa la sentimita 700 au 800. Siku hiyo mwanafunzi abaki ufukweni atazame wenye ujuzi.

Mtu mzito aongeze kidogo, mtu mwepesi apunguze kidogo. Mtaona pia kwamba tanga halikupunguzwa mpaka robo, ingawa hesabu yataka robo. Sababu yake ni kwamba mpanda ubao huegemea nje kwa uzito wake, na hulikaza tanga liwe bapa ili upepo mwingine upite. Lakini uzito na mikono ya mtu vina kikomo.

Atajuaje kwamba amechagua vibaya? Mwili utamwambia. Mkono wa nyuma ukivutwa bila kupumzika, tanga ni kubwa. Mguu wa mbele ukilazimika kukandamiza ubao wakati wote ili usipande, bawa ni kubwa. Ubao ukishuka majini kila upepo unapopumua, bawa ni dogo, au tanga ni dogo, au vyote viwili. Anayeona dalili mbili za kwanza asiseme, "Nitavumilia." Arudi ufukweni abadilishe.

MWENYE TANGA MOJA

Mtu atasema, "Hao wana matanga manne. Mimi nina moja." Naam. Hata mabingwa wa dunia wakati mwingine wana moja. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mashindano ya matanga yalifanyika Marseille. Katika mbao zenye mabawa, wanaume wote walitumia tanga la mita 9 za mraba, na wanawake wote la mita 8. Upepo uwe hafifu au mkali, tanga ni hilo. Kwa hiyo mbinu yao ilikuwa kulikaza. Kamba ya chini ikivutwa sana, sehemu ya juu ya tanga hulegea na kumwaga mpigo wa upepo. Kitako cha mlingoti nacho chaweza kusogezwa mbele ili pua ya ubao isipande. Lakini hao ni watu waliozoezwa, na mashua za waokoaji ziko karibu nao.

Manahodha wa zamani walikuwa na njia nyingine. Tanga la pembe tatu la jahazi halikuwa na kamba za kulipunguza. Kwa hiyo majahazi makubwa ya Ghuba yaliyokuja Lamu, Mombasa na Zanzibar yalibeba zaidi ya tanga moja. Upepo ukizidi, foromali ilishushwa, tanga kubwa likafunguliwa na dogo likafungwa mahali pake. Ilikuwa kazi nzito ya watu wengi, tena katikati ya bahari. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka Zanzibar na Rufiji, akaona kazi za namna hiyo kwa macho yake. Wale mabaharia hawakusoma hesabu yetu ubaoni. Waliijua kwa mikono.

SASA TURUDI ZIWANI

Mvuvi wa Ziwa Victoria mwenye mtumbwi wa tanga hana bawa chini yake. Hesabu ya upepo, hata hivyo, haimwachi. Ubao ukipinduka, mpanda ubao huogelea, hucheka, hupanda tena. Mtumbwi ukipinduka usiku, watu wanne wamo majini, nyavu zimewazunguka, na nchi kavu haionekani.

Kwa nini nasema usiku? Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote na kwenda ziwani. Hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa lile huja usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Hata ufukweni pana udanganyifu. Miti na vilima hukinga upepo. Anayesimama nyuma ya mti husema upepo ni mdogo, naye hutweka tanga lote. Akitoka nje ya kinga, hukutana na upepo mwenyewe.

Basi shikeni neno hili, ndilo moyo wa somo letu: Chagua tanga kwa upepo utakaokukuta mbele, si kwa upepo unaokupepea ufukweni. Ukisitasita kati ya matanga mawili, chukua dogo. Ukiwa na moja, likunje au lifunge fupi kabla ya kusukuma mtumbwi, wakati miguu yako ingali imekanyaga mchanga. Na ukiona hata hilo litazidi, usitweke. Kasia litakufikisha polepole. Kubaki nyumbani usiku mmoja kwapunguza mboga na fedha, ni kweli, na mwenye watoto anajua uchungu wake. Lakini mtumbwi ulio ufukweni utavua kesho.

Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, maana hutoa habari za upepo na mawimbi ya ziwa. Na kila aliye chomboni avae jaketi la kuokoa maisha. Kulikalia si kulivaa. Mpanda ubao naye avae kofia ngumu, kwa kuwa bawa lina makali, tena asipande penye maji mafupi. Huko Paje maji yakipwa, bawa litagonga matumbawe.

KUPIMA UPEPO KWA MACHO

Wengi wetu hatuna chombo cha kupimia upepo. Mwaka 1805 Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland na ofisa wa majini wa Uingereza, aliandika ngazi za upepo kwa kutazama tu. Baadaye zikaongezewa dalili za nchi kavu. Nyinyi mwaweza kuzitumia hapo mlipo.

Vumbi na karatasi zikipeperuka, na vijitawi vikitikisika: kilomita 20 mpaka 28 kwa saa.
Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba: kilomita 29 mpaka 38.
Matawi makubwa yakitikisika: kilomita 39 mpaka 49.
Miti mizima ikiyumba, na mtu akitembea kwa taabu dhidi ya upepo: kilomita 50 mpaka 61.

Majini, tazama povu jeupe juu ya mawimbi. Likianza kuonekana hapa na pale, jihadhari. Likitapakaa kila mahali, upepo umekwisha fika kiasi cha kilomita 30 kwa saa, na nguvu yake ni ile ya hesabu yetu.

Ndugu wanafunzi, mwenye kijana aliye ziwani, au anayejiandaa kwenda, amwandikie barua. Sasa mwajua kuandika. Hakuna haja ya barua ndefu. Mwandikieni hesabu ile: ishirini mara ishirini, arobaini mara arobaini. Kisha mstari mmoja chini yake: Upepo mkali, tanga dogo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nasi tumeongeza hesabu yake.

Sasa zimeni redio mzungumze wenyewe.

MASWALI YA DARASA

1. Upepo wa kilomita 10 kwa saa umekuwa wa kilomita 30 kwa saa. Nguvu yake imeongezeka mara ngapi?
2. Tanga lafanya kazi gani? Bawa la majini lafanya kazi gani?
3. Kwa nini bawa kubwa ni hatari ubao unapokwenda mbio?
4. Kwa nini dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huja usiku?
5. Tokeni nje mtazame miti. Leo upepo ni wa kiasi gani? Andikeni jibu ubaoni pamoja na tarehe.
6. Jadilianeni: paa za mabati hapa kijijini zimefungwa vipi? Upepo wa leo ukiwa mara mbili, bati gani litang'oka kwanza?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua ya mistari mitano kwa ndugu aliye ziwani. Mweleze achague tanga gani siku ya upepo mkali, na kwa sababu gani.